Tunasoma tarehe ya katoni, tunasahau pasipoti ya mtoto

NAMANGA. Jambo la kwanza unalofundishwa katika biashara ya mpakani ni kugeuza katoni na kusoma tarehe. Juisi, biskuti, maziwa ya unga, dawa ya mifugo: kabla hujatoa fedha yako unatafuta pale palipoandikwa mwisho wa matumizi. Nimefanya hivyo kwa miaka 11, nikipeleka vitunguu upande wa Kenya na kurudi na bidhaa za dukani. Sijawahi kuuziwa mzigo uliokwisha muda.

Lakini ndani ya sanduku langu mwenyewe, chini ya kitanda, pasipoti ya binti yangu ilikwisha muda mwezi Machi. Nilikuja kujua mwezi Juni, na tiketi za ndege nilikuwa nimeshazilipia.

Safari yenyewe ilikuwa ya Leicester, Uingereza, kwa kaka yangu mkubwa. Mama yetu yuko kwake tangu alipokwenda kutibiwa, na madaktari wamesema hawezi tena kupanda ndege. Kwa hiyo ndugu tukakubaliana: kama mama hawezi kuja kwetu, sisi tutakwenda kwake, wote, Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Binti yangu ni somo wa bibi yake, amepewa jina lake, na hawajawahi kuonana ila kwenye simu.

Nilinunua tiketi mapema kwa sababu mapema ni nafuu. Hayo ni mawazo ya kibiashara na sikuona kosa lake. Kisha kaka akapiga simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Nitumie picha za pasipoti zenu zote mbili, nikusaidie kujaza maombi ya visa."

Nikapiga picha, nikatuma. Dakika 10 hazikupita simu ikaita tena.

"Mdogo wangu, hii ya mtoto umeisoma?"

Wepesi wa mpaka unatulevya

Najua sababu ya kusahau, na nina hakika wengi wenzangu mnaifahamu. Mpaka wetu umekuwa mwepesi. Hapa Namanga, Kituo cha Huduma kwa Pamoja kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili Desemba 2018 kimetufanya tupite dirisha la Tanzania na la Kenya katika jengo moja. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizomo kwenye orodha ya Jumuiya, unapita kwa cheti rahisi cha uasilia, bila wakala. Tangu mwaka 2014, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwenda kwa wenzao kwa kitambulisho cha taifa tu.

Mtoto naye tunavuka naye hivyo hivyo. Akienda kumsalimia shangazi yake Kajiado, anapita kwa hati ya dharura ya kusafiria. Pasipoti yake inalala sandukuni mwaka hadi mwaka, haiulizwi na mtu. Yangu mimi inagongwa mihuri kila wiki, kwa hiyo tarehe yake naijua kama bei ya gunia.

Kuna wazee wa biashara ambao bado wanaamini karatasi zote za Afrika Mashariki ni sawa. Si kosa lao. Pasipoti ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa Aprili 1999, ilikuwa ya kuzunguka ndani ya Jumuiya tu. Hii ya sasa ya kielektroniki, waliyoizindua wakuu wa nchi Machi 2016 na ambayo Tanzania ilianza kuitoa Januari 2018, ni ya dunia nzima. Ina jina la Jumuiya juu ya jalada, lakini sheria zake ni za viwanja vya ndege. Huko hakuna ofisa anayekujua kwa sura.

Tena mtoto hawezi kupita kwa pasipoti ya mama. Zamani majina ya watoto yaliandikwa ndani ya pasipoti ya mzazi. Siku hizi kila mtu ana kitabu chake, hata aliyezaliwa juzi.

Mtoto mmoja au wawili?

Maombi ya pasipoti Tanzania yanaanza kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Unajaza, unapata namba ya malipo, unalipia fomu Sh20,000, kisha unaichapa na kuipeleka ofisini pamoja na viambatisho. Huko unalipa Sh130,000 zilizobaki. Jumla ni Sh150,000, na fedha yote inapita kwenye namba ya malipo. Anayekuomba umpe mkononi ni kishoka.

Nilifika ofisini na fomu, pasipoti ya zamani, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti changu, kitambulisho changu cha taifa na mtoto mwenyewe, maana lazima apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Nilijiona nimekamilika.

Ofisa, kijana mpole, akaweka cheti na pasipoti ya zamani sambamba.

"Mama, hapa tuna mtoto mmoja au wawili?"

Nikatazama. Kwenye cheti jina lina herufi "h". Kwenye pasipoti haimo. Kitabu kile nilikiombea binti yangu angali anabebwa mgongoni, na fomu niliijaza dukani huku nahudumia wateja. Herufi moja niliyoiruka siku ile ilinigharimu siku sita: kumtafuta wakili, kuandika kiapo kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, na kurudi kupanga foleni upya.

Jambo la pili lilikuwa ridhaa. Mwombaji aliye chini ya miaka 18 hutakiwa kuwa na barua ya ridhaa ya mzazi au mlezi. Niliambiwa barua yangu peke yangu haitoshi wakati baba wa mtoto yupo. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Nilipompigia, alikuwa mpakani mwa Zambia na Kongo.

"Mama watoto, niko foleni ya Kasumbalesa, leo siku ya nne. Nitasainia wapi huku?"

Tulisubiri ashushe mzigo, ageuze gari na afike Tunduma. Hapo ndipo alipopata wakili, akasaini, akaambatanisha nakala ya kitambulisho chake na kuituma bahasha kwa basi kupitia Mbeya. Ilinifikia Arusha baada ya siku 12 tangu simu ile. Siku hizo zote hakuna ofisi iliyotuchelewesha. Tulijichelewesha wenyewe, kwa kutokuwa na karatasi moja ambayo angeweza kuisaini sebuleni mwezi wowote aliokuwa nyumbani.

Pasipoti imetoka, safari bado

Kitabu kipya kilitoka mwanzoni mwa Julai. Nikapumua, nikampigia kaka kwa furaha. Kaka akanyamaza kidogo.

"Mdogo wangu, sasa ndiyo tunaanza kuhesabu visa."

Maombi ya visa ya matembezi ya Uingereza hayawezi kukamilishwa bila namba ya pasipoti iliyo hai. Kwa kawaida majibu huchukua wiki tatu, na wiki hizo huanza kuhesabiwa baada ya kufika kituoni na kutoa picha na alama za vidole. Tulipanda basi mimi na mtoto mpaka Dar es Salaam kwa ajili hiyo.

Hapo nilijifunza jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Visa ya mtoto anayesafiri na mtu mzima inamtaja mtu mzima huyo kwa jina, na wanaweza kutajwa wawili tu. Mtoto akifika Uingereza bila aliyetajwa, anaweza kurudishwa. Kwa hiyo usimwandike mama halafu siku ya safari ukampa shangazi amsindikize kwa sababu wewe umepata mzigo.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti ilitukuta Arusha. Visa ilitoka Jumatatu iliyofuata. Kubadili tarehe za tiketi mbili kulimeza faida ya magari mawili ya vitunguu, lakini hilo halikuniuma kama picha waliyonitumia kaka na dada zangu siku ile: ndugu wote wamesimama nyuma ya kiti cha mama, na mkono wa kulia wa mama umewekwa juu ya kiti kitupu. Nilipouliza, waliniambia alikataa kiti kile kisiondolewe.

Hesabu kinyumenyume

Ningekuwa naanza leo, ningehesabu kama tunavyohesabu mzigo wa sikukuu: kutoka siku ya kuuza kurudi nyuma hadi siku ya kuagiza.

Weka siku ya mkutano wa familia. Rudi nyuma wiki sita kwa ajili ya visa, yaani mara mbili ya muda unaotajwa, kwa sababu likizo za watu wengi huangukia miezi ile ile. Rudi tena wiki sita kwa ajili ya pasipoti. Rudi wiki nne za kutafuta vyeti, viapo na saini. Hiyo ni miezi minne kasoro kidogo, na tiketi bado hujainunua. Tiketi inakuja mwisho.

Kisha soma tarehe kwa jicho la nchi unayokwenda. Pasipoti inaweza kuwa hai na bado isikufae. Oman, ambako ndugu zetu wengi wana jamaa, inataka iwe na angalau miezi sita mbele. Nchi za Ulaya za eneo la Schengen zinataka ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Uingereza inataka iwe hai muda wote wa kukaa kwako. Kwa mtoto, jiwekee mwenyewe kwamba ikibaki miezi tisa, imekwisha.

Usidhani pia kwamba pasipoti ya mtoto ina umri sawa na yako. Nchi nyingi huwapa watoto kitabu cha muda mfupi zaidi kwa sababu sura zao hubadilika haraka. Mtoto aliyezaliwa Marekani au Uingereza na kupata pasipoti ya huko kabla ya kutimiza miaka 16, kitabu chake ni cha miaka mitano. Ya Marekani haiongezwi muda: huombwa upya, mtoto akiwepo, kwa ridhaa ya wazazi wote wawili.

Kwa wenzetu wa Kenya, maombi ni kupitia eCitizen, na tangu 2024 kitabu cha kurasa 34 ni Sh7,550 za Kenya. Wanyarwanda wanapitia Irembo. Tovuti ni tofauti lakini maswali ya mtoto yanafanana: amezaliwa wapi, wazazi wake ni nani, na wote wawili wameridhia?

Sisi wafanyabiashara tuna jambo letu la ziada, nalo ni kurasa. Mihuri ya kila wiki hula kitabu kabla miaka yake haijaisha, na balozi nyingi hutaka ukurasa mtupu wa kubandika visa. Kagua kurasa zako siku ile ile unapokagua tarehe ya mtoto, maana mkisafiri pamoja, kasoro ya mmoja inawazuia wawili.

Na ukipata kitabu kipya, usitupe cha zamani. Visa ya Marekani iliyo hai ndani ya pasipoti iliyokwisha muda bado inatumika, ukibeba vitabu vyote viwili.

Somo na somo wake

Tulifika Leicester siku ya Alhamisi. Dada zangu wawili walikuwa wameshaondoka, mmoja kurudi Mombasa na mwingine Toronto. Hatukuonana, na sijui lini tutakutana tena sote chini ya paa moja.

Mama alikuwa kitandani. Binti yangu alisimama mlangoni kwa haya, akasema, "Shikamoo bibi." Mama akamwita karibu, akampapasa uso taratibu kama mtu anayesoma.

"Marahaba somo yangu. Nilikuwekea kiti."

Tulikaa siku 16. Kila asubuhi mtoto alimsomea bibi yake, na bibi akamfundisha kusuka ukili kwa nyuzi, kwa kuwa minyaa huko haipatikani. Ukili ule mfupi ameurudisha Namanga, umening'inia dukani juu ya daftari la mauzo.

Ndani ya jalada la daftari hilo, pale ninapoandika tarehe za mizigo inayokaribia kuharibika, sasa kuna mistari mitatu mipya: pasipoti yangu, ya mume wangu na ya mtoto, kila moja na siku yake ya mwisho. Barua ya ridhaa ya baba, iliyosainiwa mbele ya wakili mara hii akiwa nyumbani, iko kwenye bahasha pamoja na vyeti. Atasaini nyingine kila mwaka mpya.

Leo ukifunga duka, fungua sanduku.