Maji ya Mwezini: Je, Gharama ya Kuyatafuta Ina Manufaa?

Mwananchi wa Kitswamba, wilayani Kasese, ambaye huamka alfajiri na kushuka bondeni akiwa na jerikani ya lita 20, ana haki ya kushangaa anaposikia katika taarifa ya habari kwamba mataifa makubwa yanatumia mamilioni ya dola kutafuta maji mwezini. Askari aliye lindoni naye huuliza swali hilohilo. Je, huko si kuchezea mali huku binadamu wengi wakikosa maji safi papa hapa duniani? Swali ni zuri, nalo lastahili kujibiwa kwa hesabu.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba wakazi wa Kitswamba wanaishi chini ya milima iliyotafutwa kwa karne nyingi kwa jina la Milima ya Mwezi. Mtaalamu wa jiografia Ptolemaio, aliyeishi Aleksandria katika karne ya pili, aliandika kuwa maji ya Mto Naili yalitoka katika theluji ya milima yenye jina hilo. Watu wa Ulaya walitumia fedha nyingi kuisaka. Mwaka 1906, Luigi Amedeo wa ukoo wa kifalme wa Italia alifika Ruwenzori na msafara mkubwa wa wapagazi, akapanda vilele vikuu, akavichorea ramani, na mpiga picha wake Vittorio Sella akaipiga picha barafu yake. Wakati ule hapana shaka wapo walioiona safari hiyo kuwa starehe ya matajiri. Habari ya ramani hizo na picha hizo itarudiwa hapa chini, maana zilikuja kuwa na kazi ambayo wenyewe hawakuitazamia.

Sasa tuutazame mwezi wenyewe. Wamarekani walipotua huko kati ya mwaka 1969 na 1972 walirudi na mawe yaliyoonekana makavu kabisa, na kwa miaka mingi wataalamu waliamini kuwa mwezi hauna maji. Mwaka 2008 India ilirusha chombo chake cha kwanza cha mwezini, Chandrayaan-1, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa kifaa cha Marekani kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimeona dalili za maji katika udongo wa juu. Tarehe 9 Oktoba 2009 Wamarekani walifanya jaribio la namna ya kijeshi hasa: waliachilia kipande cha roketi kilichokwisha kazi, chenye uzito wa zaidi ya tani mbili, kikagonga ndani ya shimo kubwa liitwalo Cabeus, karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Chombo cha LCROSS kilifuata nyuma, kikalipima vumbi lililoruka, kisha nacho kikaanguka baada ya dakika chache. Katika vumbi hilo walihesabu takriban kilo 155 za maji, mvuke na barafu pamoja. Makisio yao yalikuwa kwamba asilimia 5.6 ya uzito wa udongo ule ni maji, ingawa walikiri kuwa kadirio hilo laweza kupungua au kuongezeka kwa karibu nusu yake.

Maji hayo hayakukaushwa na jua kwa sababu jua halifiki huko. Mwezi umesimama karibu wima mbele ya jua, na mashimo marefu ya kwenye ncha zake hayajapata mwanga kwa muda usiohesabika. Baridi yake hupita nyuzi 170 chini ya sifuri, na kinachoganda humo hubaki kimeganda.

Basi kwa nini maji hayo yatafutwe? Jambo hili askari ataling'amua upesi kuliko raia, kwa kuwa askari anajua kwamba maji ni mzigo. Mpiganaji aliyepanda Ruwenzori kuwafukuza waasi wa ADF, baada ya shambulio lao la Novemba 1996 huko Mpondwe na Bwera, alipita vijito kila hatua na hakuwa na haja ya kubeba zaidi ya chupa yake. Mwenzake aliyepelekwa Somalia tangu Machi 2007 alikuta nchi kavu, ambako maji ya kambi ya mbele ni mzigo wa kupangiwa gari, mafuta na walinzi wa njiani. Tofauti kati ya safari hizo mbili ndiyo tofauti wanayoitafuta wataalamu wa mwezi. Kampuni moja ya Marekani, Astrobotic, ilitangaza bei ya kufikisha mzigo mwezini kuwa dola milioni 1.2 kwa kila kilo moja. Kwa bei hiyo, jerikani moja ya maji ingegharimu dola milioni 24 kuifikisha, bila kuhesabu jerikani yenyewe. Isitoshe, chombo cha kwanza cha kampuni hiyo kiliharibika njiani Januari 2024 na hakikutua.

Tena maji si ya kunywa tu. Yakipitishiwa umeme hugawanyika kuwa oksijeni, ambayo mtu huivuta, na haidrojeni, ambayo pamoja na oksijeni hiyo huwa mafuta ya roketi. Kwa hiyo penye barafu pangeweza kuwa kisima na kituo cha mafuta kwa mara moja. Neno "pangeweza" ni la lazima hapa. Hakuna aliyekwisha kuchota hata kikombe kimoja kutoka katika mashimo yale.

Gharama nazo zitazamwe kwa uangalifu, kwa kuwa hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Jaribio la LCROSS liligharimu dola milioni 79. Mtu akigawa fedha hizo kwa kilo 155 ataona kwamba kila jerikani ya maji ilifikia dola milioni 10, naye atacheka. Lakini hesabu ya namna hiyo ni sawa na kugawa mshahara wa mpelelezi kwa idadi ya adui aliowaona kwa macho. Kilichonunuliwa kilikuwa habari. Vivyo hivyo India, ilipotua karibu na ncha ya kusini ya mwezi tarehe 23 Agosti 2023 kwa chombo cha Chandrayaan-3, ilitumia takriban dola milioni 75 tu. Kutafuta, basi, si ghali kwa kipimo cha mataifa hayo. Lililo ghali ni kupeleka watu. Mkaguzi mkuu wa shirika la anga la Marekani, NASA, alikadiria mwaka 2022 kuwa kila safari moja ya mwanzo ya roketi yao mpya ya kupeleka watu mwezini ingegharimu dola bilioni 4.1.

Kutokana na hayo, jambo lililotokea Julai 2024 lilikuwa la ajabu. NASA ilitangaza kukifuta chombo chake cha upelelezi kiitwacho VIPER, gari dogo lililoundwa kuingia katika kivuli cha ncha ya kusini na kuchimba mita moja chini ili kupima barafu. Zilikuwa zimekwisha kutumika dola kama milioni 450, na faida iliyotajwa ya kulifuta ilikuwa kuokoa dola milioni 84. Yaani upelelezi ulisimamishwa huku maandalizi ya kupeleka kikosi yakiendelea. Kamanda yeyote angeuona mpango huo kuwa umepinduliwa miguu juu. Kwa bahati, Septemba 2025 uamuzi ulibadilishwa, na kampuni ya Blue Origin ikapewa kazi ya kulifikisha gari hilo mwezini, mpango ukiwa mwisho wa mwaka 2027. Mafanikio hayana hakika: chombo cha Urusi, Luna-25, kilianguka Agosti 2023, na cha kampuni moja ya Marekani, kilichobeba mashine ya kuchimba, kililala ubavu kilipotua Machi 2025.

Hapa ndipo ramani za mwaka 1906 zinaporudi. Kwa kulinganisha nazo, wataalamu wameweza kuthibitisha kwamba barafu ya Ruwenzori, ambayo wakati ule ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5, mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja. Habari hiyo ilitia hofu katika Kasese, kwani wengi waliamini kuwa Mto Mubuku, ambao hugeuza mitambo ya umeme ya Bugoye, hulishwa na barafu. Wataalamu, wakiwamo Waganda wa idara ya maji, walipanda kupima. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kuwa maji ya barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mlima, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi pia. Mto unalishwa na mvua inayonyesha juu ya misitu na vinamasi vya mlimani. Kwa hiyo anayelinda maji ya Mubuku ni yule azuiaye msitu usikatwe na kingo za mto zisilimwe, na polisi wa mazingira ana kazi kubwa hapo kuliko mtu awezavyo kudhani. Bila kupima, wakazi wangebaki kuililia barafu na kuusahau msitu.

Hata hivyo, msikilizaji asidanganywe. Barafu ya Cabeus haitaleta tone moja Kitswamba, wala haitauzuia Mto Nyamwamba usifurike kama ulivyofurika Mei 2013 na Mei 2020, ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Wala si kweli kwamba maji ya Kitswamba yameibwa na mwezi. Bajeti yote ya NASA haifiki nusu ya senti katika kila dola inayotumiwa na serikali ya Marekani, na kama safari hizo zingekoma leo, hakuna sheria inayosema fedha hizo zingeletwa Kasese kuchimba visima. Fedha za Uganda ni jambo lingine. Nchi hii ilipoamua kuonja mambo ya anga ilichagua la karibu: vijana wake wahandisi walijifunza Japani, wakaunda setilaiti ndogo ya PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022, ili kupiga picha za nchi zitakazosaidia katika mambo ya ardhi, maji na kilimo. Kwa nchi yenye mfuko mdogo, uchaguzi huo ulikuwa wa busara.

Liko neno moja ambalo Uganda inalo kinywani hata bila roketi. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967, ambao Uganda imeukubali, unakataza taifa lolote kuumiliki mwezi, na unakataza kujenga huko kambi za kijeshi, kujaribu silaha au kufanya mazoezi ya vita, ingawa unaruhusu wanajeshi kutumika katika utafiti wa amani. Lakini mkataba huo haukusema wazi barafu ikichimbwa itakuwa mali ya nani. Mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria yake yenyewe inayowapa raia wake haki ya kumiliki watakachochimba, na mataifa mengine yamefuata njia hiyo. Mashimo yenye barafu ni machache, na yaliyo bora yako karibu karibu. Gari la VIPER, likifika salama, litatafuta kwa siku zipatazo 100, na kabla halijamaliza, wajumbe wa nchi ndogo na kubwa watakuwa bado wanabishana katika kamati ya Umoja wa Mataifa huko Vienna juu ya nani atachota kwanza.