Hesabu ya Dereva: Ukikodi Gari kwenda Peramiho

Bumu likiingia, kila mwanachuo anakuwa mtalii. Likizo iliyopita wenzangu watatu wa darasani walikuja kunitembelea Songea. Tulizunguka Makumbusho ya Majimaji, halafu wakasema wanataka kulala usiku mmoja Peramiho. Na sio kwa Hiace. Walitaka gari la kukodi na dereva wao, mizigo kwenye buti, kama wale wageni wa Ulaya wanaopokelewa uwanja wa ndege na kupelekwa hoteli iliyo ndani ya kasri la zamani huko mashambani.

Ruvuma kasri hatuna, ila Peramiho inakaribia. Wamisionari Wabenediktini walifika hapo mwaka 1898, majengo yao yakachomwa kwenye Vita vya Majimaji mwaka 1905, wakajenga upya. Kanisa kubwa unaloliona leo lilijengwa kati ya 1943 na 1948. Ni kama kilomita 24 kutoka mjini, na wamonaki wana nyumba ya wageni. Kanuni yao, ile ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, inataka kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe.

Gari nililitafuta mimi. Nilimpigia bamdogo, ambaye ni dereva wa teksi. Akasema 40,000.

Hapo ubishi ukaanza. Jamaa zangu wakasema kilomita 24 ni karibu, na wao wanashuka huko huko, kwa nini walipe kama wanakwenda na kurudi? Swali ni la haki na jibu lake ni rahisi: dereva harudi kwa miguu. Peramiho ana bahati kupata kichwa cha kurudi nacho, maana watu wa kule wana Hiace zao, nyingi tu, kwa sababu ya hospitali. Kwa hiyo mafuta ya kurudi mtupu yako ndani ya bei yako. Ni hivyo hivyo kwa kila gari la kukodi, hata huko Ulaya; tofauti ni kwamba kule hoteli inaingiza kila kitu kwenye bili na mgeni haoni.

Wakaelewa. Kumbe walielewa kupita kiasi.

Tulipofika, vyumba vilikuwa vimejaa. Hakuna aliyekuwa amepiga simu kabla (usirudie kosa hilo, nyumba za wageni za misheni hujaa sana). Basi, mmoja akasema: si tumeshalipia kurudi? Tutembee, dereva atusubiri, turudi naye jioni. Mimi nikanyamaza. Bamdogo naye akanyamaza, maana ni rafiki zangu. Tulifika saa nne asubuhi, tukaondoka saa kumi na moja jioni. Sisi tulikula mchana. Yeye alikuwa kwenye gari, kiti kimelazwa, mlango wazi.

Sasa piga hesabu nami. Gari si lake, kama ilivyo kwa madereva wengi. Kila siku lazima ampelekee tajiri 20,000, liwe limepata abiria au halikupata. Hiyo ndiyo wao wanaita "hesabu". Mafuta ya siku ile yalikula kama 15,000. Ikabaki 5,000. Bei ya 40,000 ilipangwa akijua kwamba saa tano atakuwa mjini tena, na abiria wa mchana hadi usiku ndio watakuwa wake. Tulichochukua bure si viti vitupu vya kurudia. Tulichukua saa saba zake.

Kwa hiyo ukikodi, taja mapema kama dereva anakuacha au anakusubiri, na anakusubiri mpaka saa ngapi. Kusubiri kuna bei yake. Kutanguliza hela ya mafuta ni kawaida, usidhani unaibiwa. Na kama unakwenda mbali, mfano Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu kilomita 170 kupitia Mbinga, uliza dereva atalala wapi. Siku hizi njia ni lami na watu wanakwenda sana, lakini nimeshaona madereva wanaolala kwenye gari nje ya loji ambayo abiria wao wako ndani kwenye neti.

Nilimrudia bamdogo wiki iliyofuata na 15,000 tuliyochanga wanne. Alikataa kwanza, akapokea baadaye. Mwezi huu wenzangu wanataka kwenda huko ziwani. Nimempigia, "Shikamoo bamdogo, safari hii taja bei mwenyewe, pamoja na kulala." Akataja. Halafu akauliza kama chakula chake kiko humo, au abebe cha nyumbani.