Je, Wajua? Shaba Iliyoungua Yaweza Kutunza Umeme

Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria jijini Mwanza, wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku usio na mbalamwezi wakiwa na taa za betri, na muda wa mwanga huo hutegemea elektrodi, yaani sehemu ya ndani ya betri inayopokea na kutoa chaji. Katika betri za lithiamu, elektrodi hasi kwa kawaida huwa ya grafiti, ambayo kinadharia gramu yake moja hutunza chaji ya miliampea-saa 372, ilhali oksidi ya shaba, unga mweusi unaotokea shaba inapounguzwa hewani, hufikia 674. Kasoro yake si ndogo: kila inapopokea lithiamu hugeuka kuwa shaba tupu na oksidi ya lithiamu, huvimba, kisha hupasuka kama tope lililokauka juani. Ndiyo maana watafiti huiunda kwa nyuzi na vibamba vyenye unene wa makumi ya nanomita, nanomita ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita, ili itanuke bila kuvunjika. Shaba yenyewe si ngeni ziwani, kwani ile ya mgodi wa Kilembe, Uganda, ilisafirishwa kwa reli kutoka Kasese na kuyeyushwa Jinja, kwenye mwambao wa ziwa hilohilo, kuanzia mwaka 1956.