Mlima wa Maji Mbele ya Mtumbwi

Simama Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi, umtazame nahodha mmoja mwenye haraka. Omo imeinuka, tezi imezama, mashine inanguruma kama lori linalopanda mlima. Na kweli kuna kinachopandwa hapo: mlima wa maji ambao mtumbwi wenyewe umeuzaa.

Chombo kikikata maji huzaa wimbi omoni na jingine tezini. Kadiri kinavyokazana, wimbi la omoni hurefuka, mpaka kilele chake cha pili kifike nyuma kabisa na chombo kibaki kimekaa bondeni. Kuanzia hapo petroli nyingi huishia kuinua maji. Kwa mtumbwi wa mita 4, hali hiyo huanzia kama kilomita 9 kwa saa. Kwa wa mita 9, kilomita 13 na nusu. Kwa wa mita 16, kilomita 18. Kumbe kuipandisha kasi hiyo mara mbili kunadai urefu mara nne!

Elimu hii ina umri. Miaka ya 1870 huko Uingereza, mifano midogo ya meli ilivutwa ndani ya birika refu, nguvu ya kuivuta ikipimwa. Ilionekana kwamba mfano na meli yenyewe huchora mawimbi ya sura moja, mradi mwendo wa kila kimoja uwiane na kipeuo cha pili cha urefu wake.

Upana nao una neno lake. Mwili mwembamba sana, wenye urefu unaofikia mara kumi ya upana, huzaa wimbi dogo, na kile kizuizi hulegea. Lakini chombo chembamba hupinduka upesi. Dawa ni kuviunganisha viwili sambamba, vikiachana: katamarani. Ndivyo zilivyo boti za mwendo kasi zinazovuka kutoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa saa mbili hivi. Wavuvi wa Kigoma nao huunganisha mitumbwi miwili kwa miti ili washushe wavu wa dagaa, ingawa wao wanatafuta utulivu zaidi kuliko kasi.

Kwetu Mwanza, hesabu hii inaingia mfukoni. Gharama ya mafuta hutolewa kabla ya mgao wa mapato, kwa hiyo kila lita iliyoinua maji imepunguza unga wa nyumba fulani. Nawaza pia mama wa kisiwa cha Ukara aliyeshikwa na uchungu usiku, anayesubiri boti ya kumfikisha hospitalini Nansio. Boti ndefu na nyembamba ingemfaa.

Lakini tusidanganyane. Mwili mrefu husuguana zaidi na maji, na kwa mwendo wa taratibu hauna faida hiyo. Katamarani ni ghali, viungo vyake huteswa na mawimbi, na ukiipakia kupita kiasi huzama zaidi na wepesi wote hupotea. Kuhusu kupakia kupita kiasi, Ukara ilikwisha kulia mwaka 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka. Boti nyepesi za fiba zinazopaa juu ya maji huikwepa kanuni hii, ila mtumbwi uliojaa sangara na barafu haupai.

Basi kabla ya kukopa mashine ya nguvu farasi 40 kuchukua nafasi ya ile ya 15, mvuvi achungulie ubavuni akiwa katika mwendo wake wa juu. Kama kilele cha pili kimeshafika tezini, akazungumze kwanza na fundi mitumbwi.