Airbus ya bomba la inchi moja

Mtoto wa Kahama au Katoro akiunda gari la waya, kwanza atahakikisha linakata kona. Lisilokata kona halichezewi. Ajabu ni kwamba tukifika kwenye ndege tunaridhika na mabua mawili yaliyopishanishwa, na jani puani likizungushwa na upepo.

Airfix ya Uingereza na Tamiya ya Japani huuza ndege za kuunganisha, vipande vya plastiki ndani ya boksi. Ukipiga hesabu ya bei na usafirishaji mpaka Shinyanga, utaziacha hukohuko. Kwa fundi baiskeli kuna mabaki ya kutosha.

Tuchukue Airbus A220-300, ambayo Air Tanzania ilianza kuipokea Desemba 2018. Ina urefu wa mita 38.7, na mabawa yake ni mita 35.1 ncha hadi ncha. Gawa kwa 100, unabaki na sentimita 38.7 kwa 35.1. Kiwiliwili kina unene wa mita 3.5 hivi, yaani sentimita 3.5; bomba la maji la inchi moja linakaribia kabisa.

Kazi iko kwenye mabawa. Kata boksi gumu. Ukingo wa nyuma, karibu na kila ncha, toa kibawa kidogo, kisha ukirudishie kwa kipande cha tyubu kiwe bawaba. Pitisha uzi wa nailoni ndani ya bomba uviunganishe viwili hivyo, cha kushoto kikipanda cha kulia kishuke. Kilichopanda hupunguza nguvu ya kuinua, bawa lake linazama, ndege inalalia kushoto. Rubani wa Mwanza anakata kona hivyohivyo. Vya mkiani hupanda na kushuka pamoja. Ndivyo pua inavyoinuka.

Feni ya injini itoke kwenye kopo la soda, ekseli iwe spoku. Injini halisi ina gia inayoifanya feni ya mbele izunguke taratibu kuliko mtambo unaoiendesha, takribani mara 3. Injini hizo ndizo zilizofanya baadhi ya A220 za Air Tanzania zikae chini mwaka 2022, kwa hiyo yako ikigoma usione haya.

Kiwanja cha ndege cha Geita kilichopo Chato kina njia ya kurukia ya kilomita 3. Kwa kipimo chetu ni mita 30 tu. Walimu, pigeni mstari wa chokaa.