Kufufua Injini ya Motokaa Uani



Katika mazungumzo yetu ya leo nataka kuwaeleza habari za kazi moja ambayo watu wengi hudhani haiwezekani ila katika karakana kubwa za mjini. Kazi yenyewe ni kuifumua injini ya motokaa iliyochoka, kuitengeneza, na kuiunga tena uani kwa mtu, chini ya kivuli cha mti. Kazi hii hufanyika Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro. Wako waliofaulu, na motokaa zao zinakwenda mpaka leo. Tena wako waliopoteza fedha zote walizokuwa nazo, hata ng'ombe wakauzwa, na injini ikafa siku ya pili. Yafaa tujue kilichowatenga hao na hawa.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Almasi ya Mwadui, karibu na Shinyanga, ilivumbuliwa mwaka wa 1940. Huko Geita mgodi mkubwa ulitoa dhahabu tangu mwaka wa 1936 hata mwaka wa 1966, na mgodi mwingine mkubwa ukaanza kazi mwaka wa 2000. Kando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, wenye maduara yao ya kuchimbia na makarasha yao ya kusagia mawe. Motokaa huchukua mawe, maji, pamba, mpunga na watu. Na usiku, mtu akishikwa na ugonjwa mbali na hospitali, motokaa ya jirani ndiyo inayogongewa mlango. Kwa hiyo gari likifa, si mwenyewe peke yake anayepata hasara.

Kisha liko jambo la vumbi. Dhahabu ya nchi hii mara nyingi hukaa ndani ya jiwe jeupe, gumu, lenye kung'aa. Jiwe hili ni gumu kupita chuma cha silinda. Likisagwa hutoa unga mwembamba unaoruka hewani, na injini ikiuvuta unga huo, huwa kama msasa kati ya pistoni na silinda. Unga huo huo huharibu na mapafu ya wanadamu. Basi injini ya nchi ya dhahabu huzeeka upesi kuliko injini ya mahali penye lami na majani mabichi.

Tuchukue mfano wa Land Rover ya zamani. Gari la namna hii lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka wa 1948, na tangu mwaka wa 1958 likaanza kutiwa injini ya petroli ya lita mbili na robo, yenye silinda nne. Injini hiyo ni nzuri kwa mwanafunzi, maana ni nyepesi kufahamika. Tuseme ya jirani yetu inatoa moshi wa rangi ya samawati, inakula oili, na mlimani haivuti. Je, aifumue mara moja? La. Kwanza aiulize injini yenyewe inaumwa wapi.

Maswali hayo huulizwa kwa geji ya kupimia mgandamizo. Plagi hutolewa, geji hutiwa mahali pake, na injini huzungushwa kwa stata. Silinda ikionyesha nguvu ndogo kuliko wenzake, mimina ndani yake kijiko kimoja cha oili, kisha pima tena. Nguvu ikipanda, ujue pete za pistoni, ambazo mafundi huziita ringi, zimelika, au silinda imepanuka. Maana oili imeziba ule mwanya kwa muda. Isipopanda, yamkini valvu hazifungi vizuri, au gasketi ya hedi imeungua. Kipimo hiki cha dakika chache huweza kumwokoa mtu na gharama ya miezi mingi.

Sasa tuseme ni lazima kuifumua. Hapa ndipo hujulikana maana ya mithali isemayo kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wasukuma tangu zamani walikuwa na desturi ya elika: vijana wa kijiji hukusanyika chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, wakalima shamba la mmoja leo, na la mwingine siku nyingine. Kazi ya injini hufuata njia ile ile. Mwenye roda na mnyororo wa kuinulia huleta roda yake. Mwendesha karasha huzijua beringi, kwa sababu kila siku huzisikia zikilia. Mchomeleaji hutengeneza kigango cha kuwekea injini. Na kitabu cha mafundisho ya gari kikiwa kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, kijana wa shule hukisoma na kuyaandika mambo yake katika daftari. Mwanafunzi asijidhani ni mtazamaji tu. Daftari lake lina thamani sawa na spana.

Siku ya kuishusha injini iko kanuni moja iliyo juu ya zote: usitoe kitu bila kukijua mahali pake. Kila kofia ya beringi na kila rodi hupigwa alama ya namba yake, maana zilichongwa pamoja na wenzake, nazo hazibadilishani nafasi. Fito zinazosukuma valvu hupangwa katika ubao wenye matundu, kwa utaratibu uliotoka. Nati na bolti hutiwa katika mikebe, kila mkebe na jina lake. Bolti za hedi hulegezwa kidogo kidogo, kuanzia pembeni kwenda katikati, ili hedi isipinde.

Vyombo huoshwa kwa mafuta ya taa, si kwa petroli, wala mtu asivute sigara karibu. Injini ikiwa imening'inia katika roda, mtu yeyote asipite chini yake, hata akiwa mwenye roda mwenyewe. Na watoto wafukuzwe uani siku hiyo. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima.

Baada ya kuosha hufuata kupima, na hapa ndipo walipoanguka wengi. Jicho husema, "Silinda hii ni nzuri, inang'aa." Lakini kung'aa si uzima. Kati ya beringi na klanki hutakiwa nafasi ndogo sana, mara nyingi karibu nusu ya unene wa karatasi moja ya daftari. Macho hayawezi kuona kadiri hiyo, wala kidole hakiwezi kuisikia.

Ikiwa hamna chombo cha kupimia upana wa silinda, iko njia moja rahisi. Chukua ringi moja, uitie ndani ya silinda upande wa chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki zikiwa kazini. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya ulio kati ya ncha zake kwa vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Baadaye ipandishe ringi ile ile mpaka karibu na juu, mahali panapolika zaidi, upime tena. Mzingo wa duara ni mara tatu na kidogo ya upana wake; kwa hiyo tofauti ya mianya miwili, ikigawanywa kwa 3.14, itakuonyesha silinda imepanuka kiasi gani. Kwa mfano, chini mwanya ni milimita 0.4, na juu ni milimita 1.3. Tofauti ni 0.9, nayo ikigawanywa hupata karibu milimita 0.3. Silinda hiyo imelika sana. Kuitia ringi mpya tu ni kutupa fedha.

Basi kazi ya namna hiyo haifanyiki uani. Silinda hutobolewa upya kwa mashini, na klanki huchongwa kwa mashini. Mtu wa Shinyanga aweza kuvipeleka vyuma vyake Mwanza, safari ya kilomita 160 hivi. Wala si aibu. Fundi mwenye akili hujua mahali mikono yake inapokoma. Lakini asinunue pistoni wala beringi kabla ya kupata vipimo vipya, maana silinda iliyopanuliwa hutaka pistoni kubwa zaidi, na klanki iliyochongwa hutaka beringi nene zaidi. Tena asome namba ya injini kwanza: injini za Land Rover za namna hii zilikuwa na beringi kubwa tatu za klanki, na tangu mwaka wa 1980 zikawa na tano. Na kila kipuri kipya kilinganishwe na kile cha zamani, kwa urefu, uzito na umbo, kwa kuwa vipuri bandia vimejaa madukani.

Vyuma vikirudi kutoka kwenye mashini, huwa na unga wa chuma katika kila tundu. Huoshwa tena kwa sabuni na maji ya moto, vikakaushwa na kupakwa oili upesi visipate kutu. Kisha injini huungwa katika chumba kilichofagiwa tangu jana, si nje wakati wa upepo. Mtu mmoja hufunga, mwingine humsomea, na wa tatu hutazama. Ringi hupangwa ili mianya yake isielekeane. Kila kofia ya beringi ikiisha kukazwa, klanki huzungushwa kwa mkono. Ikikataa kuzunguka, msiendelee. Kosa liko katika kofia ya mwisho mliyoifunga, nanyi mwaweza kulipata sasa bila hasara.

Mara nyingi hutokea mabishano juu ya kukaza bolti za hedi. Mzee aliyefanya kazi miaka mingi husema, "Kaza mpaka mkono ukuambie." Kijana husema, "Kitabu kimetaja ratli 65 kwa futi." Nani amheshimu nani? Maana ya maneno ya kitabu ni kwamba bolti ikazwe kwa spana yenye urefu wa futi moja, ikivutwa mwishoni kwa nguvu ya ratli 65, yaani karibu kilo 30. Ikiwa hakuna spana ya kupimia nguvu, mizani ya kamani inayotumika kupimia pamba yaweza kufungwa kwenye mpini, ikavutwa polepole, sawasawa na pembe mraba, huku mtu akiisoma. Bolti hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni. Hapo mzee hashindwi na kijana, wala kijana hashindwi na mzee. Wote wawili wameitii mizani. Na mkono wa mzee haukosi kazi yake, maana ndio unaotambua bolti iliyovutika au uzi uliolika, jambo ambalo kitabu hakilioni.

Valvu hupewa nafasi yake, ambayo kwa injini hii ya petroli ni milimita 0.25. Moto hupangwa katika silinda kwa utaratibu wa 1, 3, 4, 2. Maji na oili hutiwa. Plagi zikiwa bado nje, injini huzungushwa kwa stata mpaka oili ifike juu. Ndipo plagi hurudishwa na injini kuwashwa, mahali pa wazi, kwa maana moshi wake katika chumba kilichofungwa huua. Msiinguruze kwa furaha. Sikilizeni, tazameni geji ya oili, na mkiona haipandi, zimeni mara moja. Kilomita mia chache za kwanza isibebe mzigo mzito wala kukimbizwa. Kisha oili yote ibadilishwe, maana imechukua vumbi la chuma la vyombo vinavyozoeana.

Na lile vumbi la mawe lisisahauliwe. Chujio la hewa la Land Rover hizo lina bakuli la oili, ambamo vumbi hunaswa kabla ya kuingia katika injini. Katika nchi ya makarasha bakuli hilo lifunguliwe na kusafishwa mara kwa mara. Asiyefanya hivyo atarudi chini ya mti ule ule kabla ya mavuno mawili kupita.

Sasa nirudi kwenye swali langu la kwanza. Kilichowatenga waliofaulu na walioshindwa si fedha, wala si werevu wa mmoja wao. Injini nyingi hufa kwa sababu fundi aliona haya kusema neno moja, "Sijui." Alikisia mahali pa kupima, akanyamaza mahali pa kuuliza, na jirani akalipa gharama ya kunyamaza kwake. Kuuliza si ujinga. Hata kijana aliyejifunza ufundi chini ya mti, bila kupita chuoni, leo hana sababu ya kujificha: VETA ina utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi wa namna hiyo, na kumpa mtu cheti chake.

Basi, ndugu zangu, jirani akikuita Jumapili kumsaidia kuishusha injini, nenda na spana yako, na daftari, na unyofu wa kusema usilolijua. Huenda siku moja usiku wewe ndiwe utakayegonga mlango wake, nawe utafurahi kuisikia injini ile ikiwaka mara ya kwanza.

Kwaherini.