Betri ya Baiskeli ya Umeme: Ichaji Bila Kuhatarisha Nyumba na Watoto



Baiskeli na pikipiki za umeme zimezoeleka katika nchi zinazotuzunguka. Katika miji ya Kigali, Nairobi na Kampala utawaona bodaboda wanaopakia abiria bila kuweka petroli. Huenda na wewe umenunua baiskeli ya namna hiyo, umepewa na mradi, au jirani yako anayo na huiegesha ukutani kwako. Ni chombo kizuri: hupeleka mzigo sokoni na humfikisha mama mjamzito kwenye kituo cha afya bila kumtoa jasho anayeendesha.

Utajiuliza, je, betri inahusu nini afya? Inahusu sana. Betri iliyochajiwa vibaya huweza kuwaka moto usiku watu wakiwa wamelala. Betri iliyochakaa na kupasuliwa nyuma ya nyumba huweza kumtia mtoto sumu ambayo haionekani kwa macho. Katika mji wa New York, Marekani, mwaka 2023 betri za lithiamu zilisababisha moto mara 268, watu 18 walikufa na 150 walijeruhiwa. Huo ni mji wenye magari ya zimamoto na nyumba za matofali. Sisi tunaishi katika nyumba za turubai, miti na nyasi zilizokaribiana. Moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa mzima.

IJUE BETRI YAKO KWANZA

Betri za baiskeli za umeme ni za aina mbili.

Aina ya kwanza ni betri ya risasi. Hii ni ndugu wa betri ya gari. Ndani ina vibao vya madini ya risasi na asidi. Mara nyingi huwa ni betri ndogo kadhaa za volti 12 zilizounganishwa. Zikiwa nne unapata volti 48. Ni nzito: nne kwa pamoja zaweza kufika kilo 15 au zaidi. Huandikwa "Pb" au "Lead Acid".

Aina ya pili ni betri ya lithiamu. Hii ni ndugu wa betri ya simu. Ndani ina seli nyingi ndogo, na kadi ndogo ya umeme inayozilinda zisizidishe wala zisipungukiwe chaji. Ni nyepesi, kwa kawaida kilo 3 hadi 5. Huandikwa "Li-ion" au "LiFePO4".

Soma maandishi yaliyo kwenye betri. Kama yamefutika, muulize fundi anayezifahamu. Usikisie, kwa sababu matunzo ya aina moja ni tofauti na ya nyingine.

CHAJA NI KAMA DAWA: KILA MGONJWA NA YAKE

Makosa mengi huanzia kwenye chaja. Plagi inaingia, taa inawaka, basi mtu anadhani mambo yako sawa. Hebu tazama tarakimu hizi:

- Betri ya "Li-ion" ya volti 36 hujaa ikifika volti 42.
- Betri ya "Li-ion" ya volti 48 hujaa ikifika volti 54.6.
- Betri ya "LiFePO4" yenye seli 16, ambayo nayo huitwa ya volti 48, hujaa ikifika volti 58.4.
- Betri nne za risasi zinazoitwa volti 48 nazo huhitaji chaja ya volti 58 hivi.

Umeona? Zote tatu za mwisho huitwa "volti 48", na plagi zake zaweza kufanana. Lakini ukiichaji "Li-ion" kwa chaja ya risasi, unailazimisha kupokea zaidi ya uwezo wake. Kadi ya ulinzi ikiwa nzima inaweza kukata umeme. Ikiwa mbovu, betri inapata joto, inavimba na kuwaka. Kwa hiyo tumia chaja iliyokuja na betri. Ikiharibika, nunua nyingine yenye aina ileile na volti zilezile za kutoka, zilizoandikwa mgongoni mwa chaja kwenye neno "Output". Iandike chaja yako alama ya rangi ili isichanganywe na ya jirani.

Ni vizuri pia kujua muda wa kuchaji. Chukua ukubwa wa betri (Ah) ugawanye kwa nguvu ya chaja (A). Betri ya Ah 10 kwa chaja ya A 2 ni saa 5, ongeza kama saa 1. Ikiwa betri yako hiyo bado inachaji baada ya saa 9 au 10, kuna kasoro. Ichomoe na kuipeleka kwa fundi.

WAPI NA WAKATI GANI

Tunajua shida yako. Ukiiacha betri nje usiku, itaibiwa. Ukiiingiza ndani na kuichaji mkiwa mmelala, unalala na hatari. Baiskeli hiyo ndiyo inayoleta unga nyumbani, na betri ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote ndani yake. Hatukuambii uchague kati ya mali na uhai. Kuna njia ya kati:

1. Chaji mchana, mtu mzima akiwa macho na karibu. Wanaotegemea umeme wa sola wanafaidika, kwani mchana ndipo umeme ulipo mwingi.

2. Ichajie kivulini, juu ya udongo mtupu, jiwe au tofali. Iwe mbali na turubai, nyasi, godoro, nguo, kuni, mkaa na mafuta ya taa.

3. Usiku unaweza kuiingiza ndani, lakini iwe imechomolewa na imepoa. Usiiweke mlangoni. Moto ukianzia mlangoni, walio ndani hawana pa kutokea. Iweke upande ulio mbali na mlango na mbali na wanapolala watoto.

4. Kama unachaji kwenye kibanda cha kuchajia, mkabidhi mwenye kibanda betri pamoja na chaja yake. Mwulize betri zinakaa wapi. Betri zilizopangwa juu ya nyingine zikiwa zinachaji ni hatari kwa wote.

Usiunganishe betri moja kwa moja na paneli ya sola bila kifaa cha kudhibiti chaji kinacholingana na betri hiyo. Usitumie waya mwembamba wa redio, wala kuning'iniza chaja tano kwenye soketi moja. Waya ukiushika na kukuta una joto, umezidiwa.

Betri za risasi zikichaji hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka haraka. Kwa hiyo zichajiwe mahali penye hewa, mbali na jiko, kibatari na sigara.

KILA AINA NA TABIA YAKE

Betri ya risasi haipendi kukaa na njaa. Ukirudi nyumbani, ichaji siku hiyohiyo hata kama umetumia nusu tu. Ikikaa tupu kwa siku nyingi, vibao vyake huota chumvi ngumu na haitashika chaji tena. Kama ni ile ya kufunguliwa vifuniko, ongeza maji safi ya betri tu, yasiyo na chumvi. Maji ya bomba au ya kisima huiua. Usiongeze asidi.

Betri ya lithiamu haipendi kuvimbiwa wala kufa njaa. Kwa matumizi ya kila siku, ichaji inapobaki kama asilimia 20, na si lazima kila mara ifike 100. Ukiijaza hadi 80 au 90 itaishi muda mrefu zaidi. Siku ya safari ndefu, ijaze kabisa kisha uondoke. Kama hutaitumia kwa mwezi au zaidi, iache na chaji ya nusu, itenganishe na baiskeli, na uikague kila mwezi.

Zote mbili huchukia joto. Betri ya risasi inayokaa kwenye joto la nyuzi 35 huishi karibu nusu ya ile inayokaa kwenye nyuzi 25. Betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa na joto linalozidi nyuzi 45, na betri iliyoegeshwa juani inaweza kufika hapo. Ukitoka safari, ipumzishe kivulini kwa nusu saa kabla ya kuichaji. Vilevile, usiioshe kwa kumwagia maji. Tumia kitambaa chenye unyevu kidogo. Ikinyeshewa, ikaushe pamoja na tundu la chaja kabla ya kuchomeka.

Usikubali fundi akufungulie betri ya lithiamu na kuichanganyia seli za zamani za kompyuta ili "iongezeke nguvu". Seli dhaifu hupata joto kabla ya wenzake, na moja ikiwaka huwasha zilizo jirani.

DALILI ZA HATARI

Acha kuitumia betri mara moja ukiona mojawapo ya haya: imevimba, inavuja, ni ya moto sana mkononi, ina harufu kali ya dawa, inatoa sauti ya kuzomea au kupasuka, ilianguka au kugongwa kwa nguvu, ilizama kwenye maji ya mafuriko. Ichomoe kama unaweza kufanya hivyo bila hatari, itoe nje, iweke mahali pa wazi na uwazuie watoto.

Ikianza kutoa moshi ndani ya nyumba, USIIBEBE. Toa watu kwanza. Piga kelele ili majirani watoke na waondoe watoto upande unakoelekea moshi. Moshi wake una sumu inayochoma mapafu, hata kama ni mdogo. Mchanga unaweza kuzuia moto usisambae, lakini hauipozi betri. Maji mengi, yanayorushwa kutoka mbali, huipoza na kulinda nyumba za jirani. Hata ikizimika, iache nje, kwani inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi au hata siku kadhaa. Usirudi ndani kufuata mali.

BETRI ILIYOKUFA SI CHUMA CHAKAVU

Hapa tunawaomba wazazi wasome kwa makini. Baadhi ya watu hupasua betri za risasi, humwaga asidi chini na kuyeyusha risasi ili watengeneze vizito vya nyavu za samaki au wauze. Vumbi na moshi wake huingia kwenye udongo, nguo na chakula. Mtoto anayecheza hapo na kutia vidole mdomoni hula risasi.

Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo watu walikuwa wakichakata betri kuukuu za magari na kuchekecha udongo ili kupata risasi. Karibu na sisi, wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa waliathirika kwa miaka kadhaa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014.

Hakuna kiasi cha risasi kilicho salama mwilini. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, choo kigumu, kupungukiwa damu, hasira, kuchelewa kujifunza na, sumu ikizidi, degedege. Mara nyingi mwanzoni hakuna dalili yoyote. Ikiwa betri zimepasuliwa karibu na kwako, mpeleke mtoto kituo cha afya na umweleze mganga jambo hilo waziwazi. Usifiche kwa kuogopa lawama.

Betri iliyokufa usiipasue, usiichome, wala usiitupe shimoni. Iweke nzima mahali pakavu na umwulize mhamasishaji wa afya wa mtaa wako au ofisi ya usafi wa mazingira mahali pa kuipeleka.

HUDUMA YA KWANZA

Asidi ikiingia machoni: fungua jicho na umimine maji safi kwa dakika 20 au zaidi, huku mtu mwingine akiandaa usafiri wa kwenda kituo cha afya. Usisubiri kufika kituoni ndipo uoshwe.

Asidi kwenye ngozi: vua nguo zilizolowa, mimina maji mengi. Maji yakiwa machache, mimina kidogo kidogo lakini usiache.

Kuungua moto: poza kwa maji safi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, majivu, yai wala udongo. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke mgonjwa kituoni.

Aliyevuta moshi wa betri: mpeleke kwenye hewa safi, kisha kituoni hata kama anasema yuko salama. Kubanwa kifua kunaweza kuja baadaye.

KUMBUKA

- Chaja yake, si chaja yoyote.
- Mchana, kivulini, mtu akiwa macho.
- Usiku ichomolewe, na mlango uwe wazi kupitika.
- Ikivimba au kunuka, itoe nje kabla haijatoa moshi.
- Ikitoa moshi, toa watu.
- Ikifa, ibaki nzima.

Leo jioni, kabla hujalala, angalia mahali betri yako ilipo. Kama iko mlangoni, isogeze. Kisha mweleze na jirani yako, kwa sababu kati ya ukuta wake na wako hakuna nafasi ya kuzuia moto.